Mkasi wa Sekunde Saba

Nyumba yao ilikuwa na mikasi miwili. Mmoja ulikuwa wa chuma, mali ya mumewe, fundi wa nguo, na ulining'inia kwenye msumari kando ya cherehani. Wa pili alikuwa mke mwenyewe. Jina hilo alipewa kazini, likamfuata mtaani, mwishowe likavuka kizingiti, hata mumewe akawa analitumia siku za utani.

"Mkasi, njoo tule. Au chakula nacho kinasubiri sekunde saba?"

Sekunde saba zilitoka kwenye kanuni. Mamlaka ya utangazaji ilipotoa masharti mapya ya maudhui, kila redio yenye kipindi cha wasikilizaji kupiga simu iliamriwa kufunga mashine ya kuchelewesha. Mtu akisema neno, neno linaingia kwenye mashine, linakaa humo sekunde saba, ndipo linatoka kwenda kwa watu. Katika muda huo pana mtu ameketi, kidole juu ya kitufe chekundu. Likiwa ni tusi, au uchochezi, au mtu katajwa kwa jambo ambalo halijathibitishwa, anabonyeza. Msikilizaji nyumbani anasikia mlio mfupi kama wa zumari mahali pa lile neno, kisha kipindi kinaendelea kama vile hapakuwa na kitu. Mwenye kidole alikuwa yeye.

Kazi hiyo hakuisomea, wala sijui ni wapi inasomewa. Alianza kituoni kama mpokea simu, akazijua pumzi za watu: aliyelewa, mwenye mzaha, mwenye msiba, aliyekuja kulipiza kisasi. Mashine ilipofika, mkurugenzi alimwita. "Wewe unawajua watu kabla hawajafungua mdomo," alimwambia. "Kaa hapa." Akakaa. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo kama stoo, kuta zimebandikwa trei za mayai kuzuia mwangwi, dirisha la kioo likitazama studio, na mezani spika moja nyeusi iliyompa kila kitu kibichi, kabla hakijaingia kwenye mashine. Maana huwezi kukata usichokisikia.

Ilikuwa kazi ya kushuku. Mpigaji akianza na "Nawashukuru kwa kipindi kizuri," Mkasi aliegemea kiti. Akianza na "Mimi sina ubaya na mtu," kidole kilishuka chenyewe. Ugonjwa huo alirudi nao nyumbani. Mumewe akisema, "Mke wangu, mimi sina ubaya na mama, lakini..." alikuwa ameshanuna kabla ya "lakini" kufika.

Na aliyeshuku naye alishukiwa. Mtaani waliamini ni sikio la serikali. Akipita kwa muuza mkaa, mazungumzo yaligeuka ghafla kuwa ya hali ya hewa. Kazini, kila Mamlaka ilipotuma onyo, mkurugenzi alimtazama kwa jicho la pembeni, kana kwamba kidole chake kimeanza kuwa na huruma. Kulikuwa na majirani wawili watatu waliokuwa na ujasiri wa kumuuliza: "Jana yule baba aliyepiga kuhusu maji ulipomkata, alikuwa anasemaje?" Siku zote alijibu, "Nimesahau." Kisha ukafika wakati wakaacha kuuliza. Hakuna aliyemuuliza tena, hata mmoja. Alidhani wamemzoea. Alifurahi, hata. Ni mara chache mtu mwenye shaka na kila kitu kukosea namna hiyo, lakini alikosea.

Mama mkwe wake aliishi nao, chumba cha nyuma ya duka la ushonaji. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, hakuona zaidi ya vivuli, na starehe yake ilikuwa moja: kile kipindi cha asubuhi. Tatizo lilikuwa jirani. Ukuta kwa ukuta na wao palikuwa na mchomeleaji wa vyuma, na kila alipogusisha chuma kwa moto wake, redio ya bibi ilinguruma kama mtu anayekaanga mawe.

"Yule kijana ana chuki na masikio yangu," bibi alilalamika.

Basi Mkasi akabuni njia. Kila kipindi kilipoanza, alimpigia bibi simu, akailaza simu yake juu ya spika ya chumba cha mitambo, akaiacha hapo mpaka mwisho. Bibi aliweka yake juu ya meza ya kukatia nguo, sauti ikafunguliwa mpaka mwisho, akasikiliza safi, bila mngurumo. Ilikuwa jambo dogo la mkwe kwa mama mkwe. Kituoni kila mtu aliiona ile simu juu ya spika, na kila mtu aliiona kuwa ni adabu njema. Kwa Mkasi, simu ilikuwa mambo ya nyumbani na spika ilikuwa mambo ya kazi, na havikuwahi kukutana kichwani mwake, ingawa vililaliana mbele ya macho yake kila siku.

Bibi alianza majivuno. "Redio za mtaa huu zimezeeka," alisema jioni moja wakila. "Mimi nasikia jambo, nacheka, nimemaliza kucheka, ndipo redio ya mchomeleaji inalisema. Na inalisema nusu nusu, na vizumari katikati."

"Mama, hiyo si redio, ni mchomeleaji mwenyewe anayechelewa," alijibu mumewe, na wote wakacheka. Mkasi naye alicheka. Alikuwa amechoka.

Biashara ya mumewe nayo ilikuwa imeshamiri. Asubuhi, saa za kipindi, benchi la dukani lilijaa wateja. Siku moja Mkasi akiwa na likizo ya ugonjwa alikunja nguo zilizoletwa kurekebishwa, akashangaa. Suruali nyingi hazikuwa na kasoro. Nyingine pindo lilikuwa limefumuliwa kwa makusudi, uzi umekatwa sawasawa kwa wembe.

"Baba watoto, watu wanafumua nguo zao wenyewe wakuletee?"

"Fundi mzuri hutafutiwa kazi," alisema mumewe, bila kuinua uso kutoka kwenye cherehani.

Ndipo likaja suala la magodoro.

Alipiga simu mwanamke, pumzi ndefu, tulivu, pumzi ya mtu aliyekwisha kulia akamaliza. Hakusema kwamba hana ubaya na mtu. Mtangazaji, ambaye kwa uhodari wake wa kuiga sauti za watu aliitwa Kasuku, alimkaribisha kwa madaha yake ya kawaida. Yule mama akasema: "Binti yangu amejifungulia kwenye sakafu. Magodoro ya wodi ya wazazi yako kwenye gesti ya mheshimiwa wetu. Kageuze shuka, utaona muhuri wa hospitali." Akataja na jina la mheshimiwa, na jina la gesti.

Mkasi alikuwa ameshabonyeza tangu neno "magodoro", na kidole hakikuinuka. Zumari likalia. Ng'ambo ya kioo Kasuku alimtazama, akatikisa kichwa taratibu, akasema kwenye kipaza sauti, "Tumempoteza msikilizaji wetu, twende kwa mwingine." Ilikuwa kazi safi. Hakuna silabi iliyotoka.

Kesho yake Mkasi akiwa kwa kinyozi na mwanawe mdogo, alisikia mzee mmoja akimwambia kinyozi: "Nikate polepole, leo nina usingizi. Nimelala godoro la serikali." Duka zima likaangua kicheko. Kisha mtu akamwona Mkasi, akakohoa, na wote wakarudi kwenye hali ya hewa.

Maneno aliyoyazika kwa kidole chake yalikuwa yanatembea mjini kwa miguu. Sokoni, mchuuzi wa shuka alikuwa ameshabuni wito: "Shuka kubwa! Zinafunika mpaka muhuri!"

Nani? Waliosikia kabla ya mashine walikuwa wachache: yeye mwenyewe, na Kasuku aliyekuwa na yule mama masikioni. Yeye alijijua. Kwa hiyo ni Kasuku. Kasuku mwenye maneno mengi, aliyewahi kupewa onyo kwa kumwigiza waziri akipiga chafya. Kwa mantiki hiyohiyo, Kasuku naye alijijua, kwa hiyo kwake mvujishaji alikuwa Mkasi. Waliokuwa wakigawana karanga sasa walisalimiana kwa nyusi. Kasuku alianza kufunika mdomo akiongea na simu. Mkasi alianza kutazama viatu vya Kasuku kuona kama vimekuwa vipya.

Mamlaka haikukawia. Waliitwa watatu: mkurugenzi, Kasuku na yeye. Ofisa aliyewapokea alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ndogo na kucha safi, aliyewamiminia maji kwa mkono wake mwenyewe. Mkasi alizishuku zile kucha tangu mwanzo.

"Tunajua hayakwenda hewani," alisema ofisa. "Nawapongeza. Lakini mji mzima unayasema, na yanamhusu mtu mkubwa, na hayajathibitishwa. Kanuni inasema kituo ndicho mlinzi wa maudhui, yaliyotoka na ambayo hayakutoka. Yamevujia kwenu. Nataka jina la aliyeyavujisha. Bila jina, leseni inasimama."

"Labda ni yule mama mwenyewe aliyepiga," Kasuku alisema. "Mdomo ni wake. Anaweza kuyasema hata kisimani."

"Kuyasema, ndiyo. Lakini sikiliza."

Akaweka simu yake mezani, akafungua rekodi. Kwanza mchakacho, kisha sauti ya Kasuku ikimkaribisha msikilizaji kwa madaha, kisha sauti ya yule mama, nzima, bila zumari: binti, sakafu, magodoro, muhuri, jina. Ilikuwa rekodi ya kipindi, si ya kisimani.

Chini ya sauti hizo palikuwa na sauti nyingine. Trrrrr-tok. Trrrrr-tok.

"Hicho ni nini?" aliuliza mkurugenzi.

"Feni, nadhani," alisema Kasuku.

"Mashine fulani," alisema ofisa, akamtazama Mkasi, au labda Mkasi alidhani anatazamwa.

Mkanda wa cherehani ya mumewe ulikatika mwaka jana. Aliuunga kwa fundo badala ya kununua mwingine, na kila fundo lilipopita kwenye gurudumu lilisema tok. Mkasi alikuwa amelalamika kuhusu hiyo tok mara nyingi kuliko alivyolalamika juu ya kitu chochote katika ndoa yake. Sasa ilikuwa inalia juu ya meza ya Mamlaka. Papo hapo vitu viwili ambavyo havijawahi kukutana kichwani mwake vikakutana: simu, na spika. Aliona chumba chake, trei za mayai, spika nyeusi inayotoa kila kitu kibichi, na juu yake, imelala kama mtoto, simu yake.

Alichukua bilauri ya maji, akanywa yote.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mkurugenzi alisema wakirudi garini, na alikuwa akimtazama Kasuku kwenye kioo. "Nguoni kabisa."

Mkasi, mke wa fundi wa nguo, aligeukia dirisha.

Kabla ya jua kuzama Kasuku alisimamishwa kazi, na kipindi kikasimamishwa pamoja naye. Redio haikutangaza kitu. Ilipiga muziki tu mahali pa kipindi, kama zumari refu. Mkurugenzi alihitaji jina la kupeleka, na Kasuku tayari alikuwa na onyo la chafya. Mkasi aliambiwa apumzike nyumbani mpaka mambo yatulie. Angeweza kusema pale pale. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini aliona picha ya mumewe akitolewa dukani, bibi akipapasa ukuta akiuliza nini kimetokea, na watoto wakirudi kutoka shule na kukuta mlango umefungwa. Akabonyeza. Kwa mara ya kwanza alijikata mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata aliaga kama anayekwenda kazini, akarudi kwa mlango wa nyuma, akakaa nyuma ya pazia la kujaribia nguo, kati ya vipande vya bitana. Wateja wakaingia, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na suruali yake mkononi: mwalimu mstaafu, dereva wa lori, mwuguzi aliyetoka zamu, muuza mkaa, na mwanamume mnene mwenye kofia ambaye Mkasi hakumjua. Wakakaa kwenye benchi la bluu. Cherehani ikaimba, trrrrr-tok. Meza ya kukatia nguo ilikuwa tupu, na wote waliitazama hiyo meza.

"Bibi," alisema dereva wa lori, "leo mkweo hajapiga?"

"Bado. Labda foleni."

"Maana kwa redio wanapiga muziki."

"Redio zenu hizo!" bibi alisema kwa dharau. "Subirini mitambo ya kwetu."

"Mimi nimeomba ruhusa kazini," alisema mwalimu mstaafu, ambaye hakuwa na kazi, na watu wakacheka.

Mkasi alifungua pazia.

Kicheko kilikufa kama kimekatwa. Muuza mkaa alisema, "Mvua haitanyesha leo, naona." Mwuguzi akakumbuka kwamba ameacha kitu jikoni. Wakaondoka kwa adabu kubwa, wakisahau suruali zao. Mwenye kofia aliondoka wa mwisho, na yeye peke yake alikumbuka yake.

"Tangu lini?" Mkasi aliuliza.

Mumewe aliacha kukanyaga. "Mke wangu, mimi sina ubaya..."

"Tangu lini!"

"Tangu mwanzo," alisema bibi. "Si uliniunganisha wewe? Mara ya kwanza nilikuwa peke yangu. Kisha dereva akaja kupima, akasikia, akakaa. Mwanangu, mimi sikujua ni siri. Nilijua ni kipindi."

"Mama, yale ni maneno yaliyokatazwa! Nimeajiriwa yasisikike!"

Bibi aligeuza macho yake ya ukungu upande wa sauti. "Nimeyasikia yote mwaka mzima, na sijafa. Sijapiga mtu, sijachoma kitu. Nimecheka, na siku ya yule mama wa sakafuni nililia. Kanuni inaogopa nisifanye lipi kati ya hayo?"

Mkasi alimgeukia mumewe. "Na wewe ulijua kwamba hayo hayatoki redioni."

Fundi alipangusa mikono kwenye suruali. "Nilijua. Siku ya kwanza tu nilijua. Nilisema nikikwambia utaacha kumpigia mama. Na benchi lilikuwa limejaa."

"Nani alirekodi?"

"Sijui. Wote wana simu. Huwezi kumpima mtu kiuno huku unamwangalia mikono."

Alizipitia nyuso kichwani. Mwuguzi alikuwa na sababu ya kuyajali magodoro. Mwalimu alipenda kuonekana anajua. Muuza mkaa alikuwa na mpwa serikalini. Mwenye kofia hakumjua kabisa. Kila mmoja alifaa. Akamtazama na mumewe, ambaye simu yake hukaa ndani ya droo ya cherehani, hapohapo karibu na lile fundo, na wazo lililompitia lilimtia aibu, lakini lilipita.

Kasuku aliendelea kukaa nyumbani kwake, na Mkasi aliendelea kukaa kwake. Siku zikasogea. Akiwa anakosha vyombo alijiambia kwamba Kasuku hana watoto, Kasuku ana kipaji, atapata kazi kwingine. Jioni moja mkurugenzi alimpigia kumwambia kwamba jina litapelekwa Mamlaka kesho na mwenye jina hatafanya kazi ya redio tena, popote. Hapo hakuweza kuendelea kujiambia kitu.

Asubuhi alikwenda kwa mkurugenzi, akamweleza yote: simu, spika, mama mkwe, benchi. Mkurugenzi alifunga mlango. Kisha akafunga dirisha.

"Nani mwingine umemwambia haya?"

"Hakuna."

"Basi usimwambie mtu. Unajua unachosema? Kasuku kuvujisha ni kosa la Kasuku. Simu juu ya spika mwaka mzima, wote tukiiona, ni kosa la kituo. Mimi mwenyewe nilikusifu kwa ile simu! Wao wanataka jina, mama. Hawajauliza ukweli."

"Huo ukweli nao ni jina. Ni langu."

"Nenda nyumbani."

Hakwenda nyumbani. Alikwenda Mamlaka, akakaa kwenye varanda mpaka ofisa mwenye kucha safi akampokea. Alimweleza kwa utaratibu, akitaja chumba chake, benchi la dukani, mkanda wa cherehani, fundo. Alimaliza akasubiri hasira. Ofisa alimmiminia maji.

"Nani kakutuma?" aliuliza kwa upole.

"Hakuna aliyenituma."

"Mtangazaji?"

"Hajui hata kama nimekuja."

"Inashangaza," alisema ofisa. "Watu wanaokuja hapa kwa miguu yao huwa wametumwa. Lakini tuseme nimekuamini. Basi hakuna kilichoharibika. Mtangazaji arudi, kipindi kirudi, wewe urudi kwenye kiti chako. Simu uendelee kuilaza palepale. Mama asikose burudani. Sisi tutapenda tu kujua ni kina nani wanakaa kwenye lile benchi la bluu, na wanacheka wapi."

Mkasi aliyarudisha maneno hayo nyuma, kama alivyozoea, akayasikiliza tena ndani ya sekunde zake saba. Alikuwa ametaja benchi. Rangi hakuitaja.

Mmoja wa watu wa benchi tayari alikuwa mtu wa huyu ofisa.

"Kama unaye anayekuletea," alisema, "mimi wa nini?"

Ofisa alitabasamu kidogo. "Nani atamwamini mmoja? Wawili hushukiana, nami napata ukweli."

Ilikuwa ofa kamili: kazi yake, kazi ya Kasuku, leseni ya kituo, yote kwa bei ya watu watano na suruali zao. Aliwaona wakicheka, dereva akijipiga paja, mwalimu akifuta miwani. Hakuwapenda sana, kusema kweli. Walimficha mwaka mzima. Lakini alijua namna wanavyopumua.

"Kazi yangu ilikuwa maneno, baba," alisema. "Watu hawamo kwenye kanuni zako. Nimezisoma zote."

"Bado hawamo," alisema ofisa, akafunga faili. "Basi nitaandika jina lako."

Likaandikwa. Kituo kililipishwa faini, mkurugenzi akaapa hajui lolote, kipindi kikarudi na Kasuku wake. Mkasi alimfuata kwake kumwambia mwenyewe, akitarajia sijui nini, labda karanga. Kasuku alisimama mlangoni bila kumkaribisha.

"Ile tok uliijua palepale kwa ofisa?"

"Niliijua."

"Ukakaa siku zote zile, mimi napigiwa simu na wazazi wangu wanauliza nimeuza nini."

"Nilikaa."

"Asante kwa kusema," alisema Kasuku, kwa sauti yake mwenyewe, ambayo watu wachache walikuwa wameisikia, na akafunga mlango.

Siku hizi Mkasi anakaa dukani, akikata vitambaa kwa ule mkasi wa msumarini. Anakata vizuri, mkono haukosei. Wateja wa asubuhi hawaji tena. Wanapita mbele wakisalimia kwa sauti kubwa kupita kiasi. Wengine wanasema ndiye aliyewauza. Wengine wanasema serikali imempanga hapo awasikilize, ndiyo maana ameachishwa kazi kwa ghafla namna ile, si unaona? Mwenye kofia alipita mara moja, akanunua kifungo kimoja, akaondoka. Mkasi alimtazama mikono mpaka alipopotea kwenye kona. Mumewe alinunua mkanda mpya wa cherehani bila kuambiwa, na sasa mashine inaimba bila tok, jambo ambalo linamkosesha Mkasi usingizi kuliko zamani. Mwanzoni alijiuliza kwa nini ameununua sasa. Bado anajiuliza.

Magodoro yalirudi wodini. Hospitali ilisema hayajawahi kutoka.

Fundi alipanda juu ya paa akafunga waya mrefu wa antena, akaushusha mpaka kwenye redio ya bibi, na mngurumo wa mchomeleaji ukapungua ukawa kama mtu anayekaanga mbali. "Kumbe ulikuwa waya tu," alisema, na hakuna aliyecheka. Bibi akawa anasikiliza kama watu wengine wote, akichelewa kama wao.

Leo asubuhi alipiga mzee mmoja. Alisema anataka kuuliza juu ya barabara, akashusha pumzi, na zumari likalia. Lilikuwa refu. Yeyote aliyekalia kile kiti sasa alikuwa mzito wa kuinua kidole.

Mkasi alisimamisha mkasi katikati ya kitambaa. Aligundua kuwa alikuwa ameinamia redio, kama majirani walivyokuwa wakimwinamia yeye kumuuliza.

Bibi aligeuza uso. "Hapo alisemaje?"

"Sijui, mama."

"Hujui?"

"Sijui. Nimesikia zumari, kama wewe."

Bibi aliipima sauti hiyo, pumzi kwa pumzi, kama mtu aliyejifunza kazi kwa mkwe wake. Kisha akacheka kwa pua.

"Unajua," alisema. "Hutaki tu kusema."

Na cherehani ikaendelea, laini, bila fundo.